PAIPU ZA BREKI ZA MOTOKAA YA ZAMANI: ZIBADILISHWE, ZISITIWE VIRAKA

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Mafunzo mbele ya mafundi wa magari, madereva na mataniboi wa tawi letu. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Huenda wengine wamejiuliza chama cha wafanya kazi kina shauri gani na paipu za breki. Jibu letu ni hili. Breki zikikatika mteremkoni, aliye nyuma ya usukani ni mwanachama wetu. Aliyeketi juu ya mzigo ni mwanachama wetu. Na wakija wenye kuuliza ni nani aliyeigusa motokaa hii mara ya mwisho, anayetafutwa ni fundi, naye pia ni mwanachama wetu. Saa hiyo mwenye gari yuko kwake. Kwa hivyo paipu ile, iliyo nyembamba kuliko penseli, ni jambo la kazi kama vile mshahara ulivyo jambo la kazi.

Tutalisema shauri letu mapema ili kila mtu alishike. Paipu za breki za motokaa ya zamani zikianza kuoza, zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa paipu njema, na midomo yake ifanywe sawasawa. Na fundi akiamrishwa atie kiraka, akatae, na wenzake wasimame naye.

MFANO WETU

Tumechagua Land Rover ya zamani kuwa mfano, kwa sababu wengi wetu tumejifunzia kazi chini yake. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam. Ile iitwayo Series III ilitengenezwa tangu 1971 hata 1985, na bado yaonekana mashambani na katika gereji zetu. Mwenye Peugeot, Volkswagen au pikapu ya Kijapani ya miaka ile asidhani hayamhusu. Kanuni ni ile ile.

Hebu tuifuate njia ya mafuta. Dereva hukanyaga pedeli, na pedeli husukuma pistoni ndani ya masta silinda. Kutoka hapo mafuta huingia katika paipu ya chuma mpaka kwenye kiungo kimoja cha shaba chenye matundu kadhaa. Paipu moja huenda gurudumu la mbele la kulia, nyingine la kushoto, na ya tatu hushuka kwa chesisi mpaka nyuma. Pale ambapo gurudumu hupanda na kushuka, paipu ya chuma haiwezi kufika, ingevunjika. Hapo huwekwa mpira wa breki. Land Rover hii ina mipira mitatu: miwili mbele, na mmoja nyuma utokao kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Juu ya ekseli ya nyuma njia hugawanyika tena kwenda kulia na kushoto.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme dereva amekanyaga kwa uzito wa kilo 30, na mkono wa pedeli wazidisha nguvu hiyo mara tano. Pistoni yasukumwa kwa kilo 150. Kama pistoni ina upana wa milimita 22, uso wake ni kama sentimita mraba 3.8. Basi kila sentimita moja ya mraba ndani ya paipu yasukumwa na karibu kilo 39. Tairi la kawaida lenye upepo wa ratili 30 halifiki hata kilo 2 na nusu. Paipu ya breki hubeba zaidi ya mara kumi na tano ya tairi, na hiyo ni breki ya kawaida. Siku ng'ombe akikatiza njia, mguu hukanyaga kwa nguvu zaidi ya hizo. Na ukuta wa paipu hiyo, hata ikiwa mpya, una unene wa milimita 0.7 tu. Kutu ikila nusu ya ukuta huo, mwaona wenyewe ni nini kilichobaki.

Liko jambo jingine zito kuliko hilo. Nyingi kati ya Land Rover fupi za inchi 88 zilitoka kiwandani na njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Mafuta yakivuja mahali popote, hata kwa tundu la sindano, pedeli huenda mpaka chini na magurudumu yote manne hukosa breki. Hakuna gurudumu linalobaki kuokoa. Ndiyo sababu twasema paipu zote ni paipu moja. Ile iliyo mbaya kuliko zote ndiyo iliyoshika maisha ya watu garini.

KWA NINI HUOZA, NA TUTAZAME WAPI

Paipu za kiwandani zilikuwa za chuma kilichopakwa kinga juu. Mawe ya barabara hukwaruza kinga hiyo, tope likaingia, kutu ikaanza. Pwani, hewa ya chumvi huongeza kazi. Lakini kutu haili kila mahali sawasawa. Hula pale tope lenye maji linapokaa bila kukauka: nyuma ya klempu zinazoshika paipu kwenye chesisi, juu ya ekseli, na shingoni mwa nati pale paipu inapoingia. Fundi aliyetazama katikati ya paipu na kusema ni nzima hajatazama.

Toeni klempu. Pigeni brashi ya waya polepole. Paipu ikibaki laini, ni njema. Ikiwa na mashimo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, au ikimenyeka kwa ukucha, imekwisha. Na mkiona paipu ya zamani iliyopakwa rangi nyeusi au grisi nzito mpya, shukuni. Mara nyingi rangi hiyo imewekwa ili isionekane.

Mipira nayo ina ugonjwa wa namna mbili. Wa kwanza huonekana: nyufa, uvimbe, alama ya kusuguana na tairi. Kunjeni mpira kwa mkono mtazame. Wa pili hauonekani kwa nje. Mpira huzeeka ndani, njia yake ikawa nyembamba. Dereva akikanyaga, nguvu ya mguu hupitisha mafuta. Akiachilia, mafuta hayarudi upesi. Gurudumu linabaki limeshikwa, dramu inakuwa moto, gari linavuta upande. Fundi hubadilisha shuu, akabadilisha silinda ya gurudumu, na ugonjwa ukarudi. Jaribio ni rahisi: gurudumu likiwa limeshikwa, fungueni nipeli kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi kuna kizuizi njiani, na mpira ndio wa kwanza kushukiwa.

VIRAKA AMBAVYO TWAVIKATAA

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya nyumba. Ufa wa paipu ya breki hauzibwi, paipu hubadilishwa. Twavitaja viraka hivi kwa majina yake kwa sababu vyaonekana kila siku.

Kiraka cha kwanza ni kukunja paipu inayovuja na kuipiga nyundo, au kutia golo la beringi ndani ya kiungo, ili gurudumu moja likose mafuta na gari liende kwa matatu. Gari hilo likifungwa breki za ghafula huvuta upande mmoja, na katika mvua laweza kugeuka likatazama lilikotoka. Tena dereva mwingine akipewa gari hilo kesho yake, haambiwi kitu.

Cha pili ni kukata sehemu mbovu na kuvisha mpira wa petroli, ukabanwa kwa klempu pande mbili. Mpira wa petroli haukufanywa kwa mafuta ya breki, wala kwa kilo 39 za sentimita mraba. Hufura, hulainika, kisha huchomoka siku unapokanyaga kwa nguvu.

Cha tatu ni kuunganisha vipande kwa kiungo chenye pete ya kubana, kile cha mafundi wa mabomba ya maji. Pete ile hushika kwa kubana tu. Katika breki husogea kidogo kidogo, na haitoi habari kabla ya kuachia.

Cha nne ni kulehemu kwa risasi. Risasi ni laini, haina nguvu. Kuchomelea kwa moto nako huharibu kinga na kudhoofisha chuma kando ya pale palipochomwa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ufundi, hata kama kimefanywa na fundi mwenye jina.

PAIPU GANI INUNULIWE

Ziko aina nne zinazouzwa.

Chuma kilichopakwa kinga ni kama ile ya kiwandani. Ni halali na ina nguvu, ila itaota kutu tena.

Shaba tupu hupendwa kwa sababu hukunjika kwa mkono. Lakini kila inapotikiswa huzidi kuwa ngumu, na kitu kigumu kinachotikisika hupasuka. Barabara za changarawe ni mtikisiko mtupu. Sisi hatuwashauri kuitumia.

Chuma kisichoota kutu ni kizuri kwa kutazama, lakini kigumu sana. Mdomo wake ukifanywa kwa kifaa hafifu hupasuka au haukai sawasawa kwenye kiti chake. Kwa gereji ndogo ni taabu.

Ya nne ndiyo tunayowashauri: mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao nikeli ni kama 10 kwa mia, na chuma kidogo ndani yake. Madini hayo yalitumiwa kwanza katika mabomba ya maji ya bahari ya meli, kwa hivyo chumvi ya Mombasa haiyatishi. Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilianza kuweka paipu za namna hii katika magari yake mwaka 1976. Haioti kutu, hukunjika kwa urahisi, na mdomo wake hufanyika vizuri kwa kifaa cha kawaida. Mara nyingi huuzwa kwa roli ya futi 25. Ina wekundu wa shaba uliofifia kidogo, na kwa sababu hiyo wauzaji wengine humpa mtu shaba tupu kwa jina lake. Nunueni penye karatasi ya kiwanda inayosema ni nini.

Kwa magari mengi paipu ina upana wa sehemu 3 za 16 za inchi, yaani milimita 4.75. Pimeni ya zamani kwanza. Na nati zinunuliwe mpya pamoja na paipu.

Mipira ibadilishwe yote mitatu pamoja na paipu. Ipo pia mipira iliyosukwa waya wa chuma kwa nje. Haifuri pedeli inapokanyagwa, kwa hivyo pedeli huwa ngumu zaidi. Ni kitu kizuri ikiwa imetengenezwa na kiwanda na kupimwa. Ile iliyofungwa vichwa na mtu katika duka la mabomba ya trekta msiikubali.

KAZI YENYEWE

Tutaitaja hatua kwa hatua. Kama mna kifaa cha kupanulia midomo ya paipu, kazi yote ni ya siku moja kwa fundi na msaidizi wake.

Kwanza, gari lisimamishwe mahali pa tambarare, magurudumu yazuiwe, na chesisi iwekwe juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Pili, dramu zikifunguliwa, msipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huingia mapafuni likakaa miaka mingi kabla ya kuua. Lowesheni kwa maji, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kifungwe katika mfuko kabla hakijakauka. Spanaboi asiambiwe apulize. Hana deni la kulipa kwa mapafu yake.

Tatu, tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati tangu jioni iliyotangulia. Tumieni spana ya paipu, ile iliyofungwa karibu pande zote na kuachwa mwanya wa kupitishia paipu. Spana ya kawaida huvunja pembe za nati.

Nne, toeni paipu za zamani bila kuziponda, kwa maana ndizo kipimo chenu. Wekeni mpya kando ya ya zamani, mkate kwa kikatio cha paipu, si kwa msumeno, kwa kuwa unga wa msumeno huingia ndani. Ondoeni makali ya ukingo, kisha mpulize ndani kwa upepo safi.

Tano, vaeni nati kabla ya kufanya mdomo. Kila fundi hapa anacheka kwa sababu anajua kwa nini tumesema hivyo.

Sita ni midomo, na hapa ndipo roho ya kazi ilipo. Ziko namna mbili. Mmoja hukunjwa mara mbili ukawa kama faneli yenye kuta mbili. Mwingine huumuka kama kichwa cha uyoga. Mdomo hufuata umbo la kiti unachokalia. Tazameni wa zamani, tazameni na kiti, mfanye ule ule. Mdomo wa faneli uliokunjwa mara moja tu usitumiwe katika breki, hupasuka. Ukitoka kombo au wenye ufa, kateni mfanye mwingine. Kipande cha sentimita mbili kilichotupwa hakina hasara.

Saba, angalieni meno ya nati. Magari ya Kiingereza ya zamani hutumia meno ya inchi, 3 kwa 8 yenye meno 24 kwa kila inchi. Magari mengine hutumia ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1. Na Land Rover zenyewe za miaka ya mwisho zilianza kuingiza ya milimita, kwa hivyo gari moja lililotengenezwa mara nyingi laweza kuwa na namna zote mbili. Nati ya 3 kwa 8 ina upana wa milimita 9.5, basi huingia katika tundu la milimita 10 na kujifanya imekaza. Breki ikikanyagwa kwa nguvu huchomoka. Nati ikilegalega tunduni, au ikikataa kuingia kwa vidole, simameni mpime.

Nane, kunjeni paipu kwa kifaa chake au kwa kuizungusha juu ya kitu cha mviringo kilicho laini. Iliyopindika ikavunjika njia itupwe. Ipite mbali na ekzosi, isiguse kitu chenye ncha, na ishikwe na klempu kila baada ya kama sentimita 30. Kazeni kila nati kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, kwa nguvu ya kiasi. Anayekaza kwa mwili mzima huponda mdomo aliouhangaikia.

Tisa, mipira ikishafungwa, zungusheni usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, na acheni ekseli ining'inie. Mpira usivutike, usijipinde, usiguse tairi.

MAFUTA YA BREKI

Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani, na maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kwa kipimo cha kimataifa, yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205, lakini yakishaingia maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 mapya ni 230, na yakiwa na maji ni 155. Dereva ashukaye mteremko wa Mai Mahiu akikanyaga breki mfululizo hutia moto mwingi katika dramu na silinda. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa. Pedeli inakuwa kama inakanyaga sifongo, breki hakuna. Baadaye gari likipoa pedeli hurudi, na dereva huambiwa alikuwa akilala.

Kwa hivyo mafuta yawe mapya, ya mkebe uliofunguliwa siku ile. Yaliyotolewa yasirudishwe. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, lakini DOT 5 ya silikoni isichanganywe nayo. Mafuta ya injini, ya pawa au ya taa yasiguse breki hata kidogo, maana hufurisha mipira yote ya ndani kuanzia masta silinda mpaka gurudumuni, na hapo hasara ni ya mfumo mzima. Wala mafuta ya breki yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto aweza kuyanywa, na ni sumu.

KUTOA HEWA NA KUJARIBU

Kabla ya kutoa hewa, kazeni shuu zikaribie dramu, kwa maana shuu zilizolegea hushusha pedeli ukadhani ni hewa. Anzeni na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa gari letu la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Vaeni kipira kwenye nipeli, ncha ya pili izamishwe katika mafuta ndani ya chupa ya kioo. Msaidizi akanyage na kushikilia. Fundi afungue nipeli, afunge. Ndipo msaidizi aachie. Wasemezane kwa sauti: "Shika!" "Nimeshika!" "Achia!" Chombo cha juu kisikauke, kikikauka mwaanza upya.

Kisha msaidizi akanyage kwa nguvu zake zote na kushikilia dakika nzima, na fundi atembelee kila nati akiwa na kitambaa kikavu na taa. Gari lilale usiku juu ya maboksi yaliyotandazwa, asubuhi mtazame kama kuna tone. Ndipo liendeshwe polepole ndani ya uwanja, baadaye barabarani bila abiria wala mzigo. Baada ya juma moja lirudi likaguliwe tena.

NJIA MBILI BADALA YA MOJA

Mwenye gari aliye na uwezo ashauriwe kwenda hatua moja mbele, awekewe masta silinda ya vyumba viwili, ili mbele iwe na njia yake na nyuma yake. Njia moja ikipasuka, nyingine husimamisha gari, ingawa kwa mwendo mrefu zaidi. Marekani, sheria iliyoanza mwaka 1968 iliwalazimisha wenye viwanda kutia breki za namna hiyo katika motokaa zote mpya za abiria. Land Rover za baadaye zilikuwa nazo. Vifaa vyote vichukuliwe kwa gari la jamii ile ile, masta silinda na viungo vyake pamoja. Kuokota kimoja hapa na kingine pale huleta breki za mbele na za nyuma zisizopatana.

FUNDI AKIAMBIWA AZIBE

Sasa twafika mahali ambapo ufundi peke yake hautoshi. Kila mmoja hapa anayajua maneno haya. Tajiri huja akasema, "Fundi, ziba tu hapo, gari lifike sokoni, mwezi ujao tutabadilisha." Fundi analipwa kwa kazi, na nje ya lango wako wengine wanaosubiri nafasi yake. Hatutasema kwamba ni rahisi kukataa. Twasema jinsi ya kukataa.

Mosi, mwonyesheni paipu yenyewe. Ikateni mbele yake mumpe mkononi. "Mzee, tazama ukuta huu. Hii ndiyo iliyoshika gari lako na watu wako." Wengi hukubali wakiona, kwani hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Mpeni hesabu iliyo wazi: roli moja ya paipu, nati, mipira mitatu, mafuta, na kazi ya siku moja. Msiongeze kitu kisichokuwapo. Tajiri aliyeibiwa mara moja haamini tena neno la fundi yeyote, na anayelipia ni fundi atakayefuata.

Pili, akishikilia, andikeni katika karatasi ya kazi: "Paipu za breki zimeoza, gari halifai kuendeshwa," pamoja na tarehe na nambari ya gari. Msitie sahihi mahali palipoandikwa kwamba gari ni zima. Dereva naye aambiwe kwa mdomo, maana yeye ndiye atakayekaa humo.

Tatu, mpelekeeni habari shop-stiwadi siku ile ile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi atoe habari anapoona hatari, na yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea kwa sababu ya kutoa malalamiko ya usalama. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka iwepo kamati ya usalama. Ulizeni kama ipo kwenu. Ikiwa haipo, hilo ndilo jambo la kwanza la mkutano wenu ujao. Sheria ya Trafiki nayo haimruhusu mtu kuendesha barabarani gari lililo hatari kwa sababu ya ubovu wake.

Nne, na hili ni letu sisi kwa sisi. Fundi mmoja akikataa kuziba, wa gereji ya pili asikubali. Tajiri akitoka hapa akaenda kwa jirani na kupata kiraka kwa shilingi chache, yule wa kwanza amepoteza kazi bure na gari limetoka barabarani likiwa vile vile. Lakini akikuta neno moja gereji zote tatu za mtaa, atanunua paipu. Mishahara haikupanda siku yoyote kwa mtu mmoja kuiomba peke yake. Na breki ni hivyo hivyo.

Kamati imeazimia mambo mawili. Tawi lina kifaa kimoja cha kupanulia midomo ya paipu, na mwanachama yeyote aweza kukiazima kwa karani kwa siku mbili, akiandika jina lake kitabuni. Tena kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, fundi mmoja wa kamati atafundisha kufanya midomo, na spanaboi wote wanakaribishwa. Waleteni. Kijana aliyejifunza mdomo mzuri leo hatajua kiraka ni nini akiwa fundi.

Tumemaliza, Bwana Mwenyekiti. Mwenye swali na aulize, na mwenye paipu mbovu mfukoni na aitoe tuitazame pamoja.

UMOJA NI NGUVU.